Samaki Wangapi Watoshe Bwawa la Uani?

Na achukuliwe mfano wa baba mmoja wa makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambaye amechimba bwawa nyuma ya nyumba yake na kulijaza vifaranga wa samaki. Alfajiri moja, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Isingiro, anatoka nje na kukuta samaki wake wote wamepanda juu ya maji, wakifumba na kufumbua midomo kana kwamba wanaomba chakula. Anamwita mkewe kwa furaha: "Mama watoto, njoo uone! Leo samaki wana njaa kweli." Mama anakuja na bakuli la pumba za mahindi, nazo zinamwagwa zote. Kesho yake asubuhi samaki wanaelea matumbo juu, na akiba ya nyumba ya miezi kadhaa imekwenda pamoja nao.

Samaki wale hawakuwa na njaa. Walikuwa wakitafuta pumzi. Na kosa halikuwa la pumba peke yake, kosa lilifanyika siku ile ya kwanza, baba alipoulizwa anataka vifaranga wangapi, naye akajibu: "Nipe kadiri fedha hii itakavyofika." Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Katika ufugaji wa samaki methali hiyo si maneno ya kupambia mazungumzo, ni hesabu.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee mahali kama Nakivale. Makazi hayo, yaliyo katika Wilaya ya Isingiro, yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yanakaliwa na watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kwa muda mrefu familia zimekuwa zikipewa kipande cha ardhi ili zijitegemee. Lakini watu wameongezeka na viwanja vimepungua ukubwa. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa msaada kwa kadiri ya uhitaji wa kila kaya, na zile zinazohesabiwa kuwa zinajiweza zikaondolewa katika orodha. Mwaka 2025 msaada ukapunguzwa tena. Ziwa Nakivale lipo karibu, lakini ni ziwa dogo lisilo na kina kirefu, tena uvuvi wake una kanuni zake. Si ajabu basi kwamba mwenye ua angalau mdogo akafikiria kufuga samaki mwenyewe.

Fikra hiyo si mpya. Katika miaka ya 1950 na 1960 maelfu ya mabwawa madogo yalichimbwa vijijini Uganda, na mengi baadaye yakatelekezwa. Sababu zilikuwa nyingi: vifaranga bora walikuwa adimu, ushauri haukufika, na mara nyingi mfugaji aliyevuta wavu baada ya miezi mingi alipata samaki tele wasiozidi kiganja cha mtoto. Hapana budi mfugaji wa leo aanze pale mwenziwe wa jana alipokwama.

Uzito, si vichwa

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: bwawa halihesabu vichwa vya samaki, bali hupima uzito wao. Bwawa la udongo lenye maji yasiyotiririka, likitiwa samadi na samaki wakaongezewa pumba na majani, huweza kubeba takriban gramu 400 za sato kwa kila mita moja ya mraba. Sato ndiye samaki ambaye Waganda humwita ngege. Uzito huo ukishafikiwa, samaki huacha kukua, hata wakilishwa. Na wakilishwa mno, chakula kinachobaki huoza na kuyaharibu maji.

Basi na lipimwe bwawa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Hilo ni eneo la mita za mraba 50, nalo litabeba kilo 20 hivi za samaki. Mfugaji akiweka samaki 100, yaani 2 kwa kila mita ya mraba, kila mmoja ataweza kufika gramu 200, naye ni samaki wa kujaza sahani. Akiweka 500, kilo ni zile zile 20, lakini kila samaki atakuwa na gramu 40 tu, mifupa mitupu, asiyeuzika sokoni wala kumshibisha mtu. Fedha za vifaranga 400 wa ziada zimetupwa majini. Tena samaki hao waliobanana ndio watakaokuwa wa kwanza kufa siku hewa itakapopungua.

Kwa hiyo kanuni ya mfugaji wa nyumbani ni sato 2 kwa kila mita ya mraba. Aliye na maji ya kutosha na chakula cha uhakika aweza kufika 3. Kwa kuwa wengine watakufa safarini au kuliwa na ndege, yafaa aongeze 10 au 15 juu ya kila 100, wala asizidishe hapo.

Yafaa pia mfugaji ajue mapema kwamba kilo 20 si mali ya kutajirisha. Ni milo 20 ya kilo moja moja kwa familia, katika kipindi cha miezi 8 au zaidi. Lakini kwa watoto ambao chakula chao cha kila siku ni ugali na maharage, milo 20 ya samaki si jambo dogo.

Maji ya kuhesabu kwa madumu

Nakivale kuna udongo wa kuchimba, lakini maji ni ya shida. Bwawa lile la mita za mraba 50, likiwa na kina cha mita moja, humeza lita 50,000. Hayo ni madumu 2,500 ya lita 20. Hakuna mama wala mtoto anayeweza kulijaza kwa kichwa au kwa baiskeli. Na hata likijazwa na mvua za Machi hadi Mei, au zile za Septemba hadi Novemba, jua na upepo vitalinyonya. Siku za kiangazi maji yakishuka milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 250, yaani zaidi ya madumu 12 kila siku ili kurudisha tu yaliyopotea, bado hayajahesabiwa yanayonywewa na ardhi.

Kutokana na hayo, kabla ya kuuliza samaki wangapi, mfugaji ajiulize madumu mangapi. Bwawa kubwa lichimbwe pale tu penye maji ya karibu na udongo wa mfinyanzi. Udongo ujaribiwe kwa kufinyanga tonge la udongo mbichi na kulirusha juu. Likidakwa bila kuvunjika, udongo huo utashika maji. Ukingo wa ziwa na mabonde ya maji yanalindwa kwa sheria, kwa hiyo anayetaka kuchimba huko sharti kwanza aulize ofisi ya makazi na afisa wa uvuvi wa wilaya.

Asiye na maji ya karibu hutumia turubai. Turubai la mita 4 kwa 5, likitandikwa katika shimo lenye kina cha sentimita 80 na kingo zake kuachwa nje ili kushikiliwa kwa mawe, hutoa bwawa la mita za mraba 5 hivi, lenye lita 4,000 za maji. Hayo ni madumu 200, nayo yanawezekana kwa wiki mbili za kazi ya pamoja au kwa mvua ya bati. Samaki wake? Kwa kanuni ile ile, sato 10, wasizidi 15. Mtu atacheka kwamba turubai zima limetandikwa kwa ajili ya samaki 10. Acheke, lakini akiweka 100 atalia.

Huko Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, shida hugeuka. Mwenye nyumba ana bomba, lakini hana ua mpana, na kila lita ina ankara yake. Tena maji ya bomba hutiwa dawa ya klorini, nayo humuua samaki. Yaachwe wazi kwa siku mbili kabla ya kuingizwa vifaranga, na baadaye yaongezwe kidogo kidogo.

Pumzi ya usiku

Maji mazuri ya bwawa la samaki ni ya kijani, kwa sababu yana mimea midogo sana isiyoonekana moja moja kwa macho. Mimea hiyo ni chakula cha sato, na mchana huwapa samaki hewa ya oksijeni. Lakini jua likizama kazi hiyo husimama, na mimea yenyewe huanza kuivuta hewa ile ile pamoja na samaki, na samadi inayooza nayo huchukua sehemu yake. Ndiyo maana saa ya hatari ni alfajiri, hasa baada ya siku ya mawingu mazito. Samaki wanaopanda juu na kufunua midomo wakati huo hawaombi chakula.

Akiona hivyo, mfugaji asiwape kitu. Aache kutia samadi, atoe sehemu ya maji ya chini na kuongeza maji mapya yakianguka kutoka juu, kisha avue samaki wakubwa ili kupunguza mzigo. Na kila juma apime rangi ya maji kwa mkono wake: atumbukize mkono hadi kiwiko. Kiganja kikionekana wazi, maji ni maskini, aongeze samadi. Kikipotea karibu na kina cha kiwiko, maji ni mazuri. Kikipotea mapema, kabla ya nusu ya mkono, samadi isimame.

Kwa bwawa la mita za mraba 50, kilo 5 hadi 7 za samadi kavu ya ng'ombe au mbuzi kwa wiki zinatosha kuanzia. Samadi ya kuku ni kali zaidi, nayo itiwe kidogo zaidi. Bwawa la turubai lenye samaki wachache halihitaji zaidi ya konzi chache.

Baridi nayo ina neno lake. Sato hukua vyema katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Mbarara na Isingiro ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 15. Kwa sababu hiyo samaki wa huku hukawia kuliko wa nchi za joto. Anayeambiwa na muuza vifaranga kwamba miezi 5 itatosha na ajipe miezi 8 au zaidi, wala asijaribu kuziba ukawiaji huo kwa kuongeza idadi.

Hesabu isiyotulia

Mfugaji aliyeweka samaki 100 leo asidhani kwamba atakuwa na 100 baada ya nusu mwaka. Sato jike huanza kuzaa akiwa na miezi 3 au 4, angali mdogo, naye huyaatamia mayai kinywani mwake, hivyo watoto wake wengi hupona. Bwawa lililohesabiwa vizuri hujaa watoto wanaogombea chakula na wazazi wao, na mizani yote huharibika. Hapa ndipo mabwawa mengi ya zamani yalipofia.

Dawa ni tatu. Ya kwanza ni kununua vifaranga madume watupu kutoka kituo kinachoaminika. Uganda ina kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki huko Kajjansi, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, na afisa wa uvuvi wa wilaya anaweza kumwelekeza mfugaji kwa wazalishaji wa karibu zaidi. Ya pili ni kuchambua kwa mkono samaki wanapofika gramu 30 au 40: chini ya tumbo, karibu na mkia, jike ana matundu matatu na dume ana mawili. Majike waliwe, madume warudishwe. Ya tatu ni kumtumia kambare kama askari: baada ya sato kukua kidogo, huwekwa kambare mmoja mdogo kwa kila sato 10, naye hula watoto wanaozaliwa. Kambare awe mdogo kuliko sato wenyewe siku ya kuingizwa, la sivyo askari atageuka mwizi.

Kambare peke yake

Kambare ana hesabu nyingine, kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu ya maji na kustahimili msongamano ambao ungemuua sato. Katika lile bwawa la turubai la lita 4,000, anayeanza aweza kuweka kambare 30. Wakifika nusu kilo kila mmoja, hizo ni kilo 15, mavuno makubwa kuliko kilo mbili au tatu za sato katika maji yale yale.

Hata hivyo kambare hali maji ya kijani. Anahitaji chakula chenye nguvu: pumba zilizochanganywa na unga wa dagaa, damu ya machinjioni iliyopikwa na kukaushwa, kumbikumbi, au chakula cha dukani ambacho bei yake si ndogo. Na maji yake huchafuka upesi. Theluthi moja ibadilishwe kila wiki, yaani madumu 65 na zaidi, na samaki wakishakuwa wakubwa iwe mara mbili kwa wiki. Maji yanayotolewa yasimwagwe ovyo. Ni mbolea safi kwa mchicha, sukuma wiki na nyanya. Familia iliyo mbali na kisima isijaribu kazi hii, na iliyo karibu na bomba iitazame kwa makini. Kambare walingane ukubwa, maana wakubwa huwala wadogo bila kujali undugu.

Kipimo cha chakula

Chakula cha sato nacho hupimwa kwa uzito wa samaki. Samaki 100 wenye gramu 50 kila mmoja wana uzito wa kilo 5. Kwa kipimo cha gramu 3 kwa kila gramu 100, watahitaji gramu 150 kwa siku, zikigawanywa mara mbili, asubuhi jua likishapanda na tena alasiri. Hizo ni konzi chache tu. Kila mwezi wavuliwe samaki 10, wapimwe, na kipimo kirekebishwe. Chakula kilichobaki juu ya maji baada ya robo saa kimezidi. Majani laini ya viazi vitamu na magimbi yaliyokatwa-katwa huweza kuongezwa.

Samaki wa mapambo

Si kila bwawa la uani ni la kitoweo. Wapo wenye bustani wanaotamani samaki wa rangi, hasa koi, ambaye asili yake ni karpu wa kawaida aliyeteuliwa na kuzalishwa kwa rangi zake na wakulima wa Niigata huko Japani tangu karne ya 19. Mwenye nyumba wa Mbarara atakayevutiwa naye ajue kwamba koi si samaki wa beseni. Hukua hadi kupita sentimita 60, huishi miaka mingi, na huchafua maji sana. Kipimo kinachofuatwa na wafugaji wengi ni lita 1,000 au zaidi kwa samaki mmoja, pamoja na chombo cha kuchuja maji. Lita 4,000 ni koi 4 basi. Wasiachiwe kamwe mtoni Rwizi wala ziwani, kwa kuwa samaki wa jamii hiyo huchimbua matope na kuharibu makao ya samaki wenyeji.

Ulinzi wa watoto

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Maji ya kina cha sentimita 80 yanatosha kumzamisha mtoto. Kabla kifaranga wa kwanza hajaingia, bwawa lizungushiwe ua wa miti au miiba wenye mlango unaofungwa, hata kama uani hamna mtoto, kwa maana watoto wa jirani nao ni watoto. Ua huo utazuia pia mbwa na mbuzi, na nyuzi zilizotandwa juu ya maji zitawapunguza mdiria na korongo. Nyasi za ukingoni zikatwe ili mbu wasipate maficho.

Sasa na arejewe yule baba wa mwanzo. Bwawa lake halikufa. Ni samaki waliokufa. Likikaushwa, tope likatolewa na kupelekwa bustanini, na maji yakajazwa upya, lingali na kazi. Safari hii atakapoulizwa anataka vifaranga wangapi, asijibu kwa kutazama fedha mfukoni. Apime urefu, azidishe kwa upana, kisha azidishe kwa 2. Na mama watoto, ambaye ndiye ajuaye madumu yanatoka wapi, awepo wakati hesabu hiyo inafanywa.